Kiti cha Joto

Kila Alhamisi ya Kwaresima, kengele ya shule ikilia, sisi wanawake wa parokia tulikuwa tumeshafunga aproni zamani. Ukumbi wetu ulikuwa chini ya kanisa. Madirisha yake yalikuwa juu karibu na dari, na kwa nje uliona viatu tu vya watu wakikanyaga theluji ya Hamtramck, mji wetu wa Marekani. Ijumaa hatukula nyama, kwa hiyo nusu ya mji ilikuja kwetu kula samaki na pierogi zetu za Kipolandi, na walichotoa ndicho kilichopasha joto shule ya watoto wetu.

Pierogi ni kazi ya mikono. Unasukuma unga, unakata viduara kwa mdomo wa glasi, unaweka kijiko cha viazi vilivyopondwa na jibini, unakunja, kisha unabana kingo kwa vidole. Ukibana vizuri, inachemka na kuelea ikiwa nzima. Ukibana vibaya, inapasuka majini, viazi vinamwagika, na unabaki na uji. Hakuna mtu anayevaa koti na kutoka kwake siku ya baridi ili aje kula uji.

Mimi ni Leokadia. Nawaambieni mapema kwamba nina hasira za karibu. Habari hii naisimulia nikiwa bado nimekasirika, ingawa wenyewe waliohusika walishasameheana kitambo.

Kwenye meza yetu ya kubania, kiti changu kilikuwa cha kwanza, mlangoni, penye upepo. Kiti cha mwisho kilikuwa ubavuni mwa hita kubwa ya chuma, na hicho tulikiita kiti cha joto. Mwenye kukikalia ni mzee kuliko wote mezani. Ndiyo heshima yetu: huwezi kukiomba, na ukipewa huwezi kukikataa. Mama yangu alikikalia mpaka alipofariki. Baada yake akakikalia Bibi Apolonia, na mwaka ule alikikalia kwa raha zaidi, maana fundi alikuwa ameitengeneza ile hita kabla ya Krismasi. Zamani ilikuwa vuguvugu tu. Sasa iliwaka kwelikweli.

Bibi Apolonia alikuwa mjane. Tangu mumewe afariki, alitoka nyumbani kwa mambo mawili, misa na pierogi. "Alhamisi ndiyo siku yangu ya kuwa mtu," alizoea kusema. Mjukuu wake Bogna, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuja moja kwa moja kutoka darasani, akatupa begi chini ya meza, akawa anakata viduara na kumpangia bibi yake rundo zuri pale mwisho wa meza. Walifanya kazi wakitaniana. "Babu yako alinioa kwa ajili ya pierogi," bibi husema. "Mbona kwenye picha anaonekana ana njaa?" Bogna hujibu, na meza nzima hucheka.

Kwaresima ile watu walianza kulalamika. Sahani zilirudi jikoni na pierogi zilizopasuka. Padri akamwomba Bwana Rudek atusaidie. Bwana Rudek alikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha vipuri vya magari. Kazi yake kutwa ilikuwa kupima vipande vya chuma na kuhesabu vyenye kasoro. Alikuja na tai yake, kalamu sikioni, na ubao wenye chati, akifuatana na binti yake Kornelia, ambaye alisoma darasa moja na Bogna.

"Akina mama, msiwe na wasiwasi," alisema. "Siji kumlaumu mtu. Nakuja kupima."

Alipima. Alichukua pierogi kumi za juu kutoka sinia la kila mmoja wetu, akazichemsha, akahesabu zilizopasuka. Kisha akabandika chati ukutani, pale tunapochukulia kahawa, ili kila mtu aione. Leokadia, sifuri. Wengine, moja au hakuna. Apolonia, nne.

Bibi Apolonia aliiangalia ile chati, akaificha mikono yake chini ya meza. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka kidogo, kama ya wazee wengi, na kabla ya siku ile hakuna aliyewahi kuitazama.

"Huyu si alisema haji kumlaumu mtu?" nilimuuliza mwenzangu, kwa sauti ya kusikika.

Kornelia naye hakuweza kuuzuia mdomo. Kesho yake shuleni alimzunguka Bogna akiwa na wenzake wawili. "Mikono ya bibi yako inacheza polka!" alisema, akatikisa vidole hewani. Bogna alirudi nyumbani asimtanie bibi yake hata mara moja, na hilo kwa Bogna lilikuwa jambo la kutisha.

Alhamisi iliyofuata Bwana Rudek alipima tena. Alipomaliza kuchemsha, alizipanga sahani mezani, kila sahani na kikaratasi chenye jina, kisha akaenda kumwaga maji ya sufuria. Nikamwona Bogna ananyemelea. Aliinua kikaratasi cha bibi yake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashika changu. Nilimkamata kifundo cha mkono.

"Unafanya nini, we mtoto?"

"Niache, Shangazi! Wewe una sifuri. Ukipata nne mara moja utapungukiwa nini?"

"Sitapungukiwa kitu. Lakini ukibadilisha karatasi, pierogi zitaacha kupasuka?"

Machozi yalimjaa machoni, ya hasira, si ya huzuni.

"Kesho zitapasuka tena mbele za watu," nilimwambia, "na sasa hakuna atakayejua kwa nini, maana wewe utakuwa umeuficha ukweli. Rudisha."

Alivirudisha.

Hesabu ikasomwa. Mimi sifuri tena. Bibi Apolonia, tano. Bwana Rudek alivua miwani, akaifuta kwa tai. Nakiri hakufurahia, lakini alisema.

"Bibi Apolonia, nakuheshimu sana. Ila nadhani tukupe kazi ya kukunja vitambaa vya mezani. Ni kazi nyepesi."

"Nyepesi!" nilifoka. "Mwanamke huyu alikuwa anabana pierogi wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni!"

"Dada Leokadia, namba haina undugu. Nimepima mara mbili, jibu ni lilelile. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kiwandani, mashine yenye kasoro nyingi namna hii tunaizima."

"Mashine? Umeniita mashine mwenzangu? Na hiyo sifuri yangu unayoitangaza kama injili, nani kakudanganya? Mimi napasua pierogi tangu usichana wangu! Hujabahatika kuziokota tu. Sifuri katika kumi si sifuri maisha. Usiigeuze fimbo ya kumpigia mwenzangu!"

"Leokadia, basi," alisema Bibi Apolonia.

Alisimama. Akafungua aproni yake taratibu, akaikunja mara nne, akailaza juu ya kiti cha joto. Kisha akaenda kwenye kona ya vitambaa, akaketi akitugeuzia mgongo. Hakulia, na afadhali angelia.

Bogna aliishika glasi yake ya kukatia akaibamiza mezani. Haikuvunjika, kwa kudra za Mungu. "Hakuna atakayekaa hapa!" alipiga kelele. Akaitwaa ile aproni, akaivaa, akaketi mwenyewe kwenye kiti cha joto na kuanza kubana, akikunja uso kama anayebana shingo ya adui.

"Hasira hasara," Bwana Rudek alimwambia, kwa upole.

"Ya kwako au ya kwangu?" Bogna alijibu.

Yesu na Maria! Mtoto hamjibu mtu mzima hivyo, na siku nyingine ningemtwanga kofi la maneno. Siku ile nilijifanya natafuta kijiko.

Aliendelea kubana, akichukua kutoka kwenye lile rundo la viduara lililokuwa limebaki pale mwisho wa meza. Sinia lilipojaa akalibeba mwenyewe hadi jikoni, akazimimina kwenye sufuria. Kornelia alimfuata nyuma, shingo mbele. Maji yalipochemka, pierogi zikaanza kufunguka moja baada ya nyingine, viazi vikatapakaa, maji yakawa meupe.

"Ehee!" Kornelia aliangua kicheko. "Na wewe je? Na wewe mikono yako inacheza polka?"

Bogna aliinua mikono yake mbele ya uso, akanyoosha vidole. Vilikuwa vimetulia tuli.

"Haichezi," alisema polepole. "Mikono yangu haichezi, Kornelia. Sasa kwa nini zimepasuka?"

Alikimbia kurudi mezani. Akachukua kiduara cha unga kutoka kwenye lile rundo karibu na hita, akakikunja. Ukingo wake ulikuwa umekauka, ukatoa ufa kama ngozi ya kisigino wakati wa baridi. Akaja mbio upande wangu wa mlangoni, akachukua kiduara changu, akakikunja. Kilikuwa laini, kikashikana mara moja.

"Shangazi," aliniita, na macho yake yalikuwa yanawaka. "Njoo ukae kwenye kiti cha bibi."

"Mimi? Mimi si mzee kuliko wote."

"Njoo tu. Wewe ndiye mwenye sifuri. Njoo na sifuri yako."

Nilikuwa nimeshaelewa anakokwenda, na damu ilinichemka kwa furaha. Nilikwenda. Kile kiti kilikuwa cha moto mpaka nikahisi mgongo unaoka. Bogna akanikatia viduara, akavipanga pale pale anapompangia bibi yake siku zote. Nikabana polepole, kwa ufundi wangu wote, nikiwa na hakika kwamba heshima yangu iko hatarini na nikitaka iharibike. Bwana Rudek alisimama kando, mikono kifuani. Alichukua pierogi zangu kumi, akazichemsha yeye mwenyewe.

Tano zilipasuka.

Hamjasikia mwanamke akishangilia kushindwa kwake kama nilivyoshangilia. "Andika!" nilimwambia. "Andika pale ukutani! Leokadia, tano! Nizime na mimi!"

Bwana Rudek hakuandika. Aliinama, akaweka kiganja chake juu ya meza karibu na hita, akakiacha hapo. Kisha akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, kama mtu aliyepigwa.

"Nilidhani viti vyote ni sawa," alisema.

"Ulidhani!" alisema Bogna.

"Ndiyo. Nilidhani kila mtu anapewa unga uleule, na joto lilelile, na kwamba tofauti ni mikono tu. Sikuthibitisha. Ningemfukuza kijana wa kazi kiwandani kwa kosa hili." Alisugua paji la uso. "Lakini bado siwezi kusema ni hita, Bogna. Huenda leo ni bahati mbaya ya dada Leokadia. Tupime, na safari hii tupime sawasawa."

Nilitaka kumrukia, ila Bogna alitikisa kichwa. "Ni sawa," alisema. "Tupime. Hata kama bibi atapasua kweli, nataka kujua."

Hapo ndipo nilipomheshimu yule mtoto. Ilikuwa rahisi kwake kuchukua ushindi wake na kukimbia nao.

Bwana Rudek alimwita Kornelia akate vikaratasi, aandike majina yetu, avitie kwenye kofia. Tukapangiwa viti kwa kura, si kwa umri wala mazoea. Tukabana, tukabadilishana viti kwa kura tena, tukabana tena. Hakuchukua pierogi za juu ya sinia tu kama mara za kwanza. Alichukua za juu, za chini, na za pembeni. Kornelia hakutikisa vidole tena. Alihesabu zilizopasuka kwa sauti, na kila alipohesabu alitaja kiti, si jina.

"Kiti cha joto, nne. Kiti cha mlangoni, hakuna. Kiti cha kati, moja. Kiti cha joto, tano."

Kisha kura ikamweka Bibi Apolonia kwenye kiti changu, mlangoni, penye upepo. Ilibidi Bogna aende kumbembeleza kule kwenye vitambaa. "Sitaki kuhesabiwa tena, mtoto wangu," tulimsikia akisema. "Nimeshajua majibu." Bogna alimnong'oneza kitu, akamvuta mkono. Bibi akaja. Alibana pierogi zake huku vidole vikitetemeka vilevile, na ukumbi mzima ukimtazama, jambo ambalo ningependa kuwachapa watu wote kwa kulifanya.

Kornelia alizihesabu zilipotoka. Akazihesabu tena.

"Kiti cha mlangoni," alisema, sauti ikiwa ndogo. "Moja tu."

Bibi Apolonia aliiangalia ile sahani kwa muda mrefu. Halafu akaiinua mikono yake kutoka chini ya meza, akaiweka juu, mbele ya Bwana Rudek.

"Tangu wiki iliyopita nailaumu mikono hii," alisema. "Usiku naiambia, mmenifedhehesha. Imenilelea watoto wanne, na nilianza kuichukia kwa sababu ya karatasi yako."

Hakupaza sauti. Bwana Rudek aligeuka mwekundu mpaka masikioni. Alisimama, akaenda ukutani, akaing'oa ile chati mbele yetu sote. Akaichukua aproni kutoka kwa Bogna, akaikunjua, akaishika wazi kwa mikono miwili mpaka Bibi Apolonia alipogeuka ampe mgongo. Akamfunga mwenyewe, fundo baya kabisa, lakini akamfunga.

"Nisamehe, Bibi," alisema. "Nilikukosea."

"Umenikosea sana," Bibi alisema. "Nimekusamehe. Lakini kiti changu sikihami. Joto nalitaka mimi, unga ndio haulitaki."

Basi tukaamua hivyo. Viduara vikatiwe upande wa mlangoni, vifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu, na Bogna ampelekee bibi yake vichache vichache. Jambo dogo namna hiyo! Na kwa jambo dogo namna hiyo tulikaribia kumwondoa mtu mezani.

Kabla hatujafuta meza, Bwana Rudek aliwaita Bogna na Kornelia wasimame mbele yake. Alizungumza nao, ila sote tulijua anazungumza na ukumbi.

"Sikilizeni, watoto wangu. Namba zangu hazikuwa za uongo. Tano zilipasuka kweli. Uongo ulikuwa katika yale niliyoyadhani kabla ya kuhesabu. Nilidhani kasoro zimetawanyika kama chumvi kwenye supu, kumbe zilikuwa zimekaa mahali pamoja. Nilidhani hita ni ileile ya mwaka jana. Nilidhani vitu vichache vilivyo juu ya sinia vinatosha kusema habari za sinia zima. Nikapima mara mbili kwa kosa lilelile, nikajisifu kwamba jibu halibadiliki. Mtu akioneshwa samaki aliyeoza, kabla ya kumlaumu mvuvi aulize, samaki huyu ametolewa tenga gani, na lilikuwa limewekwa wapi? Ukishindwa kuuliza, utamhukumu mtu kwa kosa la kiti chake."

Akamgeukia Bogna. "Nilikuambia hasira hasara. Ni kweli ukiiacha ibamize glasi. Wewe uliipa hasira yako kazi ya kufanya, na hukuiruhusu idanganye. Nikuombe radhi na wewe."

Bogna alinitupia jicho. Alijua mimi najua habari za vile vikaratasi. Nikatazama dari.

"Bibi Apolonia," Kornelia alisema, akiwa ameinamisha kichwa, "mimi ndiye niliyesema mikono yako inacheza polka."

"Inacheza," Bibi alisema. "Lakini inabana. Kuna wanaocheza na hawabani. Kaa hapa nikufundishe."

Kisha akamkazia macho Bwana Rudek, ambaye alikuwa ameshaanza kuvaa koti.

"Na wewe unakwenda wapi? Umetuhesabu sote. Vua tai, keti, bana. Kiti cha Leokadia kiko wazi, kina upepo mzuri."

Meza ilipiga makofi. Alijaribu kusema ana safari, ana kazi, ana mgongo. Bogna akamwekea viduara kumi mbele yake, laini, vilivyofunikwa vizuri. Akabana jasho likimtoka. Tukazichemsha pale pale, watu wamezunguka sufuria, na Bogna akahesabu kwa sauti mpaka kumi.

Zilipasuka zote, na safari hii hapakuwa na hita ya kusingizia.